Dada Yangu Alinivua Umri Mbele ya Timu Tatu

Admin, jina langu libaki kwako, maana mji huu wa Louisville ni mdogo kwa sisi Warundi. Mimi ni mama wa watoto watatu. Nina miaka hamsini na mmoja kwa makaratasi, na arobaini na sita kwa marehemu mama aliyenizaa. Tulipoingia kambini Kigoma nilikuwa binti wa miaka kumi na minne, mrefu kupita kaka zangu. Karani akaniangalia kichwa mpaka miguu akaandika kumi na tisa, tarehe mosi Januari. Ndiyo tarehe waliyopewa wengi wetu. Nimeubeba umri huo hadi Marekani, na sijawahi kuutumia kumdhulumu mtu.

Sasa mcheke kwanza, kisha mnisikilize. Mimi hushindana kuteleza kwenye theluji. Ndiyo, zile mbao za miguuni! Mfanyakazi mwenzangu wa ghala alinipeleka mara moja kwenye kilima kidogo ng'ambo ya mto, nikaanguka siku nzima, nikaupenda mchezo. Nikamvuta binti yangu mkubwa, nikamvuta Baba Rehema, Mkongomani anayeendesha foklifti ya kunyanyulia mizigo kazini kwetu, na mdogo wa mume wangu. Tukawa timu.

Kule Columbus, upande wa Westerville, yuko mtu nitakayemwita Mama Furaha. Tulitoka kilima kimoja Burundi, yaani kijiji kimoja, tukalala hema moja kambini. Ananizidi miaka miwili na mimi humwita dada. Alipozaa kwa taabu ni mimi niliyemlelea mtoto. Naye akaunda timu ya huko, Buffalo nao wakaunda yao, nikajitolea kupanga mashindano ya miji yote mitatu.

Kupanga si mchezo, jamani. Kila timu watu wanne, muda wa wote wanne unajumlishwa, akishindwa mmoja kufika chini mmeondoka wote. Wazee wakagoma, wakasema wataaibishwa na vijana. Basi tukaweka kanuni kwamba aliyevuka hamsini anapunguziwa sekunde chache. Likazuka swali la umri, na sisi wakimbizi swali hilo mnalijua. Ni Mama Furaha mwenyewe aliyeniambia kwenye simu: "Mdogo wangu, kila mtu aje na umri wa kitambulisho chake. Tusianze kuchimbuana, tutaumizana." Nikamwona ana hekima. Nikawatangazia wote, wakakubali.

Siku ya mashindano tulifanyia karibu na Buffalo, baridi ya kukata masikio. Nilishuka kati ya bendera nikiyumba, lakini nilifika. Baba Rehema alifika akiimba pambio. Muda ukajumlishwa, Louisville tukawa mbele ya Columbus kwa kitambo kidogo sana. Mchungaji wa Buffalo, ndiye aliyekuwa mwamuzi, akainua kikombe atukabidhi.

Mama Furaha akanyoosha mkono. "Ngoja kwanza, mchungaji. Hawa wamepunguziwa sekunde za mtu wa hamsini. Huyo bibi yuko wapi?"

Watu wakacheka, hata mimi nikacheka, nikajua ni utani wake. Akanigeukia, sauti ileile aliyokuwa akinibembelezea kambini. "Mdogo wangu, mbele ya watu wa Mungu, mimi na wewe nani mkubwa?"

Wenzangu, kwetu mkubwa wako akikuuliza hivyo humkani. Mdomo ulitangulia, akili ikafuata nyuma. Nikasema, "Ni wewe, dada."

"Mmesikia," akasema. "Na mimi nina arobaini na nane."

Mchungaji akasema kinywa changu kimeshinda kitambulisho, sekunde zetu zikaondolewa palepale. Kikombe kikaenda Columbus, wakapiga vigelegele. Baba Rehema akanitazama kwa uchungu: "Donc, yaani tulifanya mazoezi mwaka muzima bule?" Binti yangu naye, kwa Kiingereza chake, akaniuliza kwa nini nilijibu. Ningemwelezaje? Yeye alizaliwa hospitali, siku yake inajulikana.

Nilimfuata Mama Furaha kwenye gari lake kwa hasira. Nikamwambia, "Ile kanuni uliileta wewe!" Akanijibu akifunga mkanda, "Ni michezo tu, mdogo wangu, usiwe na moyo mdogo." Michezo tu! Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimelivaa vazi hilo miaka yote hiyo.

Kikombe ningesamehe. Lakini mtu alirekodi, na video ikatupwa kwenye grupu la miji yote mitatu. Mimi nimeomba uraia, na usaili wangu umekaribia; wakiiona video hiyo wataniuliza kwa nini karatasi zangu zinasema umri mwingine. Silali vizuri. Nikamwendea mama mmoja mwanasheria anayesaidia wakimbizi, nikamweleza yote. Akaniambia nisisubiri kuulizwa, niwahi kuusema umri wangu wa kweli mwenyewe. Ila niende na maandishi ya mtu mzima aliyenijua tangu utotoni, athibitishe nilizaliwa lini.

Wazazi wangu wamekufa. Kaka zangu nao wametangulia. Nimehesabu waliotoka kilima chetu wakanijua nikiwa mtoto, na aliye hai ni mmoja tu, ni yeye.

Habari zikamfikia. Ametuma ujumbe wa sauti, hana hata haya: atasaini kwa furaha, ila niende mwenyewe Westerville na kreti ya soda kama desturi ya kwetu, nimwombe radhi mbele ya timu yake kwa kumfokea kwenye gari. Mimi ndiye wa kuomba radhi! Mume wangu anasema nimeze mate niende. Binti yangu anasema nikienda nisimwite tena kwenye timu.

Ninyi mnaosoma, mmeona mengi kuliko mimi. Nikamwite dada kwa mara nyingine ili anirudishie miaka yangu mitano, au niingie kwenye usaili ule peke yangu, na neno langu tupu? Nishaurini, nina siku chache.