Ubao Chini ya Mwamba

Hezroni hakutaka hata kidogo kushika bunduki uzeeni, ila Aminieli, kijana wa kijijini, ungemkatalia vipi? Kijana huyo alirudi kutoka vita vya Burma akiwa sajini, akamwomba Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya pale Same, ruhusa ya kuwafundisha wazee wa mlimani kulenga shabaha kila Jumamosi. Mchezo tu, wasishinde wamekaa. Wazee walifurahi kama nini! Ubao mweupe akausimamisha chini ya mwamba, mahali pasipopita watu.

Jamani, miamba yote hii ya Upare, akachagua uleule! Juu kidogo ya ubao, ndani ya ufa, kilikuwepo chungu, na ndani ya chungu fuvu la baba yake Hezroni. Ukoo ulilifukua kaburini ukaliweka pale, kama ilivyokuwa desturi ya Wapare. Aminieli hakujua, amelelewa misheni. Hezroni alijua, lakini yeye ni mzee wa kanisa, na alishaapa mbele ya usharika kwamba mambo ya mafuvu ameyaacha. Kumbe kila mavuno alikuwa akipanda mwambani kwa siri kumpelekea baba pombe kidogo. Angesema ubao uhamishwe, wangemuuliza sababu, na Meza ya Bwana ndiyo angeiaga.

Basi akaja Jumamosi na wenzake, roho juu. Anayeanza bunduki hushtuka, na risasi hupaa. Kila ilipogonga mawe huko juu, aliinua macho kwenye ufa. Zamu yake ilipofika alilenga chini makusudi, vumbi likaruka mbele ya ubao. Wenzake walicheka hadi machozi. Tumainieli, mzee wa kanisa mwenzake, akamuuliza kama anawinda panya. Hezroni aliona aibu, tena aibu ya mtu mzima. Na Aminieli, kwa heshima zote, akamwinulia mtutu.

"Juu kidogo, baba. Usiogope."

Akafyatua. Kitako kilimsukuma bega, na huko juu kikasikika kitu kikivunjika, wala si jiwe.

"Umeanza kuelewa, baba," Aminieli akasema.

Hezroni aliweka bunduki chini. Akaukwea mwamba kwa mikono na magoti, wote wakimtazama. Alipofika kwenye ufa akavua koti, akalitandaza, akaanza kuokotea humo vigae na vipande vya mfupa. Tumainieli akamwita ashuke, eti anatafuta nini huko.

"Kamwambie mchungaji," Hezroni akajibu huku analia, "nimempiga baba yangu risasi."