Gitaa la Vitufe Vitano

Juzi nilirudi Tawa kuondoa vyombo katika nyumba ya susu, yaani nyanya yetu aliyetulea mimi na dada. Chini ya kitanda, nyuma ya gunia la vyondo, vile vikapu vya katani ambavyo hakumaliza kusuka, mkono wangu ukashika shingo ya plastiki. Rafiki yangu, niliketi sakafuni pu! kama mtu aliyepigwa teke na punda wawili. Lilikuwa lile gitaa.

Lilikuwa jeusi, halina hata uzi mmoja, na shingoni lilikuwa na vitufe vitano vya rangi. Jirani yetu muuza mitumba alilikuta ndani ya robota la vitu vya watoto, akatupatia bure, maana nani atanunua gitaa lisilo na nyuzi? Mwalimu wetu wa shule ndiye aliyetueleza kwamba lile halikuwa gitaa kamwe, bali kifaa cha kuchezea gemu kwenye televisheni. Na televisheni yenyewe sisi tuliionea dirishani kwa watu. Dada, aliyekuwa na miaka kumi na minne na akili za mainjinia kumi na saba, akasema tu, "Basi tutalitafutia kazi ingine."

Susu alikuwa na redio ndogo ya memori kadi, ile inayoweza pia kurekodi. Alikuwa vilevile na wimbo wake wa kusukia, ambao hakuuimba kanisani wala shambani, ila kyondo kikiwa magotini na vidole vikikimbizana na katani. Siku moja dada aliificha redio nyuma ya susu na kuunasa wimbo wote, pamoja na jogoo aliyeingilia na kikohozi cha susu kabla ya ubeti wa pili.

Kisha akaipasua redio, na gitaa nalo akalifungua kwa kisu cha kukatia sukuma wiki. Chuma cha kulehemu hatukuwa nacho. Alitumbukiza msumari kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu, akaushika kwa koleo, na moshi wa lehemu ukachanganyika na harufu ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, uliokuwa ukichemka tangu asubuhi. Kazi yangu ilikuwa kupuliza makaa. Nilipuliza hadi mashavu yangu, nakuapia, hayajawahi kurudi mahali pake. Kitufe cha kijani kikawa cha kucheza, chekundu kwenda mbele, cha manjano kurudi, na viwili vya mwisho vya kupandisha na kushusha sauti. Spika ikafungwa tumboni.

Susu alipobonyeza kijani, aliruka futi tatu.

"Huyu ni nani ananiigiza?" akauliza. "Na anakohoa vibaya! Mpeni maji."

Tangu siku hiyo hakuna mgeni aliyekunywa chai kwetu bila kubonyezewa kijani. Siku moja, akipeta mbaazi, alimwambia dada, "Mwana wakwa, nikienda, mnifungulie hiki kitu pale kaburini. Nitajiimbia mwenyewe. Ile kwaya yenu inavuta nyimbo sana."

Alienda kweli, mwaka huohuo.

Siku mbili kabla ya mazishi niliona wimbo mmoja ni kidogo mno kwa mtu mkubwa kama susu. Nilichomoa kadi bila kumwambia dada, nikakimbia sokoni kwenye kibanda cha yule kijana wa kuweka nyimbo. Wewe unawajua hao vijana: kadi yoyote ukiwapa, kwanza wanaifuta. Hata mimi nilijua. Nilikuwa nimemwona akifuta za wengine mara mia. Lakini za wengine zilikuwa na nyimbo tu.

"Ilikuwa na virusi, nimeisafisha," akaniambia akitafuna muwa. "Sasa nikuwekee gani?"

Nilimnyang'anya kadi, nikairudisha tumboni mwa gitaa bila kumwambia mtu.

Kaburini, dada akiwa na rinda lake la kanisani, alibonyeza kijani. Kimya. Akabonyeza tena, akabonyeza vyote vitano. Jirani wa mitumba akanong'ona, "Lipige kofi kidogo hapo tumboni." Akalipiga. Mahema yote yalimtazama.

"Ni kosa langu," dada aliwaambia watu. "Sikushikisha lehemu vizuri."

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Kwaya ikaimba, ikavuta, ikavuta.

Dada hakushika waya tena. Redio za majirani alizokuwa akitengeneza alizirudisha zikiwa zimefunguliwa vilevile. Siku hizi anauza viatu Kitui, na balbu ikiungua nyumbani kwake anaita fundi.

Basi juzi nililifungua gitaa kwa kisu kilekile. Nikavuta waya mmoja mmoja. Lehemu zote tano zimeshika kama jino la fahali. Nikaweka betri mpya na memori kadi ya simu yangu, nikabonyeza kijani, na muziki ukajaa nyumba tupu.

Wimbo wa susu naujua wote. Ninachokosa ni kile kikohozi. Nimejaribu kukohoa mwenyewe kabla ya ubeti wa pili, peke yangu pale sakafuni, na si chenyewe. Yule jogoo tulimchinja siku ya mazishi.

Kesho dada anakuja tugawane sufuria. Gitaa nimeliacha mezani, tumbo wazi, lehemu zake zikitazama juu. Chai nitaipika, lakini sitaimimina kabla sijamwambia.