Santuri Iliyopinda Dirishani

Jana nilifungua santuri ya kundi moja la zamani la waimbaji wanne, ambayo sasa imetolewa upya, na harufu ya karatasi yake ikanirudisha kwenye chumba tulichoishi ugenini, mtaani Yeoville. Baba alikuwa fundi cherehani. Alikuwa na santuri hiyohiyo, aliyoibeba kutoka Kongo ikiwa imefungwa ndani ya blanketi. Ilipolia, yeye aliimba sauti nzito na mama akaimba ile nyembamba.

Siku moja niliipiga nikiwa peke yangu, kisha nikaisahau dirishani, juani. Ikapinda.

Baba aliishika kwa mikono miwili. "Nani ameiacha hapa?"

Nilikodolea macho vipande vya nyuzi sakafuni. Mama akasema, "Ni mimi, baba. Unisamehe."

Baba hakugomba. Alirudi kwenye suruali aliyokuwa akiikunja pindo, na tangu siku ile sikuwasikia tena wakiimba.

Baba alishafariki. Jana nilimwekea mama santuri mpya, na ilipokwisha nikamwomba radhi kwa kuwa yeye ndiye aliyelibeba kosa langu miaka yote hiyo.

"Baba yako alijua ni wewe," akasema mama. "Alikuwa anangoja useme mwenyewe."