Mwalimu Aliyeshika Panga kwa Makali

Wiki hii nilipigiwa simu kutoka Makongeni, mtaa niliokulia, nikaambiwa kwamba mwalimu wangu wa historia amefariki. Alifia kitandani mwake, mzee wa kushiba siku, na nilishukuru kwamba kifo kilimjia kwa upole, maana karibu kila alichotufundisha kilikuwa habari ya damu. Alizipenda falme za Kihindu za zama za kati, hasa ule ukoo wa Shahi uliotawala kutoka Kabul hadi Punjab, kwenye njia za milimani ambako majeshi yaliyoitaka Bara Hindi yalipita. Hayo hayakuwa kwenye mtihani. Alituambia kuhusu mfalme wao mmoja aliyeshindwa na sultani wa Ghazni, akatekwa pamoja na jamaa zake, akaachiliwa, kisha akamwachia mwanawe kiti na kujichoma moto kwa aibu. Sisi wavulana tuliona huo ndio uanaume. Akatuuliza, "Na mwana alirithi nini?" Tukajibu, ufalme. "Alirithi ule moto," akasema. "Akapigana, akashindwa. Mjukuu akapigana, akauawa. Kitukuu naye akafa vitani. Ukoo ukaishia hapo."

Miaka ikapita. Wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi nilikuwa Makongeni kumtazama mama yangu. Asubuhi moja vijana kutoka ng'ambo ya reli walimvamia muuza samaki aliyekuwa jirani ya mwalimu, wakamkatakata mlangoni pake kwa sababu ya lugha aliyozungumza. Mdogo wake, fundi wa viatu pale sokoni Kariokor, ambaye tulisoma naye darasa moja, alifika akamkuta amefunikwa shuka. Hakulia. Kufikia adhuhuri alikuwa amekusanya wanaume wenye mapanga na vyuma, nao wakashika njia ya kwenda relini, nami nikawafuata kwa nyuma. Mwalimu alikuwa amesimama kwenye pengo la ukuta wa reli, pale watu wanapovukia.

"Mwalimu, toka hapo."

"Unaenda kumuua nani?"

"Yeyote. Kwani wao walichagua wa kuua?"

"Huko kuna watu niliowafundisha pamoja na wewe."

"Na bro yangu? Yeye hakuwa mtu?"

 Sikumsikia mwalimu akitaja mfalme yeyote siku hiyo. Aliinua mkono akalishika panga la fundi kwa makali, na fundi, bila kutazama, akalivuta. Vidole viwili vilianguka kwenye kokoto za reli. Damu ilimrukia fundi kifuani. Mwalimu akakaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka, akamwambia, "Umekata sasa. Imetosha, ama bado?"

Fundi akaliachia panga. Alivua shati, tukaufunga ule mkono, akambeba mgongoni hadi zahanati. Nisidanganye kwamba amani ilikuja papo hapo. Baadhi ya wenzake walivuka, na muda si mrefu tukaona moshi ng'ambo ya pili. Kuna mama aliyeungua ndani ya nyumba moja huko ambaye hakuwa amemkosea mtu.

Tumezoea kuwasifu waliokufa kwa kisasi na heshima. Tunawapigia makofi mazishini, kisha tunawaachia watoto wao kazi ya kufa. Anayesimama katikati hasifiwi na upande wowote. Mwalimu aliitwa msaliti na majirani aliokuwa akiteka maji nao, na wengine hawakumsalimu tena.

Tulipomzika, nilisimama kando ya yule fundi. Nilimwambia ninavyoamini, kwamba alikuwa na bahati ya kusamehewa.

"Nani alikwambia alinisamehe?" akaniuliza. "Kila nikimpelekea viatu alikuwa ananionyesha ule mkono. Ananiambia, angalia. Mpaka juzi." Akajifuta uso kwa kiganja. "Lakini wanangu husoma ng'ambo ya reli. Huenda na kurudi, na hawajui kwa nini mimi husimama pale ukutani nikiwatazama."

Naamini kisasi hufa hivyo, pale ambapo mtu mmoja anakubali kubaki na uchungu wake ili watoto wasiurithi.