Picha Aliyopewa Mwenyekiti

Majira ya baridi ya mwaka juzi nilikuwa nachorea kwenye gereji ya mama yangu, Mississauga, huku ughaibuni. Gari lililala nje kwenye theluji ili mimi nipate nafasi. Mama alinipa gereji ile bila kuombwa, na kila alfajiri, kabla ya kwenda kazini kwake kuhudumia wazee, alikwangua barafu kwenye kioo cha gari bila kulalamika. Naanza na hilo kwa sababu sitaki adhaniwe mtu mbaya.

Mpenzi wangu, mwanamke kama mimi, Mkongo wa Bukavu, alikuwa anaishi Mount Dennis, mji wa jirani, na kufanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Nyumbani kwetu alijulikana kama rafiki yangu. Alikuja karibu kila Jumapili, mabasi matatu, mama akampakulia chakula. Miaka mitatu hakuna aliyeuliza kitu.

Mwaka ule nilimchora. Ameketi sakafuni kwake, mimi nyuma yake kwenye kochi, namsuka. Mimi sionekani uso, ni magoti na mikono tu. Yeye amesinzia, na mkono wake umeshika kifundo cha mguu wangu. Sijawahi kuchora kitu kizuri kama mkono ule.

Jumamosi akina mama wa kanisani walikuwa wakija kwetu kusali, na kabla hawajafika nilikuwa nashusha picha zangu zote gerejini. Lakini rangi za mafuta hazikauki kwenye baridi, kwa hiyo ile niliiacha kwenye chumba cha kufulia, nimeigeuzia ukutani. Mwenyekiti wao alikwenda msalani, akakosea mlango. Alirudi sebuleni ameibeba.

Aliitazama muda mrefu. Akasema imemkumbusha dada yake, marehemu, aliyekuwa akimsuka hivyo hivyo barazani kwao Morogoro. Machozi yalimlenga. Alikuwa amehamia nyumba mpya na kuta bado tupu.

"Ichukue tu," mama akamwambia. "Binti yangu anazo nyingi."

Nilikuwa nimesimama na sinia la chai. Nilichoweza kusema ni kwamba haijakauka. Mwenyekiti akasema atasubiri.

Alisubiri wiki mbili. Nilimweleza mpenzi wangu kwa simu, akasema, "Umuambie ni yangu. Ni mimi niko pale." Nikamwambia nitasema. Kila jioni nilijipanga kusema. Kukataa kungetaka sababu, na sababu ilikuwa moja tu.

Siku moja kabla ya picha kuja kuchukuliwa, nilimkuta mama anakunja sare zake za kazi. Nikamwomba nimchoree mwenyekiti nyingine, kubwa zaidi. Akasema mwenyekiti amependa ileile.

"Mama, huyo aliyeketi unamjua?"

"Namjua."

"Basi unajua kwa nini siwezi kuitoa."

Alimaliza kukunja suruali, akaiweka juu ya nyingine.

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana heri ikae kwa watu. Hapa nikiingia kufua naiona, na nikiiona siwezi kujifanya sijui."

Hakuwa na hasira. Kesho yake mwenyekiti alikuja na mumewe, nikawasaidia kuizungushia blanketi. Nikawaelekeza wasiitundike penye jua.

Mwezi uliofuata tulialikwa kuombea nyumba ile, na mama akasema nije na rafiki yangu. Sijui kwa nini alikubali kuja. Mwenyekiti alipomwona alimshika mabega, akamwangalia, akaangalia ukuta, akafurahi kwelikweli. Akamsimamisha kando ya picha, akaniita na mimi, akawaambia wageni hawa ndio dada wawili wenyewe, watazameni wanavyopendana. Watu wakapiga picha na simu zao. Tulitabasamu. Mama alikuwa jikoni, anasikia.

Kwenye basi mpenzi wangu alikaa dirishani. Baada ya vituo vingi akaniambia kwamba miaka yote mitatu alidhani tunajificha, na kujificha hakukumuuma sana. Lakini leo ametolewa mbele ya watu, kila mtu amemwona, na bado hakuwepo. Nilitafuta mkono wake. Hakuuondoa, ila haukunishika.

Hatujaachana. Ila kwetu haji tena, na siku hizi anasukwa saluni, karibu na kwake. Nilijaribu kuirudia ile picha kwa kukumbuka. Uso ulikuja, mkono ukakataa.

Jumapili iliyopita nilikuwa navaa koti niende Mount Dennis. Mama alitoka jikoni na hotipoti la pilau, amelifunga kwa kitambaa.

"Mwenzako haji siku hizi," alisema.

Nikamjibu kazi zimembana.

"Mpelekee kabla halijapoa."

Alinishikia mlango. Nilitaka kumwambia kitu, ila sikujua nianzie wapi, na basi lilikuwa linakuja.