Dume Tasa

Mkalimani wa baraza la Keumbu nilikuwa mimi, mwalimu wa darasa la tatu, kwa sababu Kiswahili changu kilisemekana kimenyooka. Hakikuwa kimenyooka. Kilikuwa na sauti tu.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini alikuja bwana mifugo, mtu wa pwani, kutueleza habari za mbung'o, maana waliopeleka ng'ombe malishoni kule bondeni walikuwa wakirudi na ngozi tu. Wataalamu, alisema, wanajaribu dawa isiyo dawa: wanafuga mbung'o, wanawapiga madume mionzi mpaka wanakuwa tasa, kisha wanawaachia porini. Jike hupandwa mara moja tu maishani. Akikutana na dume tasa, basi, kizazi kimekatika.

Nikafungua mdomo kutafsiri kwa lugha yetu, nikakwama. Kwetu tasa ni mwanamke. Mwanamume hana neno lake, kama vile jogoo hana neno la kutaga. Na neno lile nililijua kuliko wote pale: miaka minne ya ndoa bila mtoto, na mama mkwe wangu ameketi mstari wa mbele, yeye aliyeniletea kila Jumapili jioni kikombe cha mizizi michungu. Nilikichukia kikombe kile. Ila niliogopa zaidi siku atakapochoka kukileta, aanze kumtafutia mwanawe mke wa pili.

Nikasema lililonijia: "Dume ambaye ni mwanamke tasa." Nikamalizia na habari ya jike.

Baraza likaangua kicheko. Mzee mmoja wa kanisa akasema jike anayeolewa mara moja tu lazima awe Msabato. Mama mkwe hakucheka. Alisimama.

"Mwalimu, muulize. Hilo dume, ukilitazama, linaonekana lina kasoro?"

Nikauliza.

"Hata kidogo," akajibu bwana mifugo. "Linaruka, linapanda, nguvu linazo. Mtoto tu ndiye hapatikani."

"Na jike je? Kosa lake nini?" mama mkwe akauliza tena.

"Jike hana kosa, mama."

Jibu hilo sikulitafsiri mara moja. Nililitafsiri mara tatu, kwa sauti ya darasani.

Jumapili jioni mama mkwe akaja na kikombe. Nikanyoosha mkono kama kawaida. Akanipita, akakiweka mbele ya mume wangu.

"Mama, mimi siumwi," mume wangu akasema.

"Hata yule mbung'o haumwi," akamjibu. "Kunywa."