Ruthi wa Jiko la Kahawa, Ngamiani

Miaka ile ya hamsini, mkonge ulipokuwa ukiitwa dhahabu, Bwana Idarusi alikuwa na mikahawa kila penye watu: Ngamiani mjini Tanga, bandarini, Muheza, Pangani, hadi Korogwe. Yote ilikuwa na milango ya buluu, na kahawa yake ilitoka jiko moja, nyuma ya mkahawa wa Ngamiani. Humo ilikaangwa, ikatwangwa, ikatiwa madebeni na kupakiwa kwenye garimoshi na malori. Mnywaji wa Korogwe alitakiwa aonje kilekile alichoonja mwenzake wa Tanga.

Aliyelisimamia jiko hilo ni Kombo. Zamani alikuwa mnyapara katika shamba la mkonge, na alipohamia kwenye kahawa alikuja na mkwaju wake, ile fimbo ya kuchapia vibarua. Buni zikiungua hakugomba. Alimwita mkaangaji, akamjaza kinywani konzi ya buni zilezile, zingali za moto, akamwambia, "Tafuna. Ndicho ulichompikia mteja."

Ruthi alikuwa mkaangaji. Alikuwa Mshambaa, binti wa mwinjilisti wa Kilutheri, aliyeteremka pwani kumfuata mume. Mashine ya mkonge ilimnyofoa mume huyo mkono, na jeraha likamuua. Ruthi akabaki mjini, mjane, kwenye kaango la Idarusi. Alikwisha kutafunishwa buni za moto mara mbili. Mara ya pili ulimi ulimbabuka hata akawa anakunywa uji uliopoa tu.

"Vumilia, mwenzangu," alisema Semeni, mwanamke wa Tongoni aliyetwanga buni kando ya kaango lake. "Mkono usioweza kuukata, ubusu."

Ruthi aliubusu, kwa maana ya kunyamaza, mpaka Ijumaa moja baada ya sala.

Mkahawa ulikuwa umefurika. Mzee Uweso, mmiminaji kahawa ambaye mikono yake ilikwisha kuanza kutetemeka kwa uzee, alijikwaa kizingitini. Sinia ikamtoka, na vikombe vyote vikavunjika miguuni pa wateja. Watu wakasema, "Pole, mzee." Kombo alikuja mbio. Alimkamata kwa kola ya kanzu, akamburura hadi jikoni na kuufunga mlango.

"Nisamehe, mwanangu," alisema mzee.

"Mimi si mwanao."

Mkwaju ukamshukia shingoni, mgongoni, kichwani. Kofia ikaanguka kwenye majivu. Mzee alipojikunja chini, Kombo alilinyanyua dele la kahawa lililokuwa likichemka jikoni, akamkanyaga kiganja, akamwambia, "Mkono huu ndio unaotetemeka? Ngoja niutulize." Akamimina.

Mzee akapiga ukelele, na Ruthi akaliacha kaango. Mchi ulikuwa kinuni; hakukumbuka kuutoa. Alimpiga Kombo begani, na dele likaruka ukutani. Kombo aligeuka, akamkaba koo kwa mkono mzima, akamsukuma nyuma mpaka kiwiko cha Ruthi kikalala juu ya kaango. Ngozi ikatoa harufu. Ruthi akamng'ata kidole gumba mpaka meno yakagonga mfupa, na mshiko ulipolegea akamchapa mchi wa kiuno. Kombo akaanguka kifudifudi.

Hapo ndipo angeweza kuacha. Mtu alikuwa chini, mkwaju uko mbali naye, wateja wanaugonga mlango. Ruthi aliuinua mchi kwa mikono yote miwili na kuushusha gotini. Goti likalia kama kuni kavu. Akasikia utamu. Huo ndio uliomtisha, si damu.

Mahakamani Mzee Uweso aliuonyesha mkono wake uliofungwa vitambaa na kusimulia yote. Bwana Idarusi alisema hakujua lolote. Semeni, aliyekuwamo jikoni siku ile, alipoulizwa alisema moshi ulikuwa mwingi, hakuona. Ruthi akafungwa kwa lile goti.

Gerezani alitembelewa na baba yake, aliyeshuka kutoka milimani na Biblia kwapani. Wakasalimiana.

"Umetubu, mwanangu?"

"Pigo la kwanza na yale ya kujiokoa, baba, sitatubia. Hata Mungu akiniuliza nitamjibu hivyohivyo. La mwisho, niombee. Alikuwa chini tayari."

Baba aliinama akaomba.

Siku aliyotoka, Semeni alikuwa langoni, kachuchumaa na bakuli la wali na samaki wa kupaka lililofunikwa kitambaa. Ruthi alimwendea moja kwa moja, akamzaba kibao kilichomwangusha mchangani. Askari wa lango akacheka. Semeni akainuka, akajipangusa mchanga, machozi yakimtoka.

"Nina watoto, Ruthi."

"Najua."

"Kombo alitoka hospitali akichechemea. Tajiri wetu alimpeleka mkahawa wa Korogwe, alikofungua jiko la pili la kukaangia, naye akaenda na mkwaju uleule. Wakaangaji wa kule walikwisha kusikia habari zako. Siku aliyomtia mtu buni mdomoni, walimvamia wote, wakampiga, wakamtupa barabarani. Polisi wakauliza ni nani. Kila mmoja akasema, ni mimi."

Ruthi alikaa chini ukutani. Mkono uliobabuka haukunyooka tena sawasawa, kwa hiyo Semeni ndiye aliyelishika bakuli.

"Yuko hai?" Ruthi aliuliza.

"Yu hai."

"Afadhali," alisema, akaanza kula.